Tulivyopanga safari ya ndege ndogo kwenda Tanga, Pemba na Unguja kutazama viwanda na kula vya wenyewe

Mtu anayetaka kukodi ndege ndogo kwa matembezi huanza kwa kupiga simu kwenye kampuni ya ndege na kuuliza bei. Nasi tulianza hivyo, na baada ya simu na barua pepe nyingi ndipo tulipotambua kwamba, katika safari ya namna hii, ndege ndiyo inayokubali kusogezwa kuliko kitu kingine chochote. Rubani anaweza kuondoka saa moja asubuhi au saa nne, mradi hali ya hewa inaruhusu. Mashine ya mkonge haimngoji mgeni, mitambo ya mafuta ya karafuu haiwashwi kwa ajili ya watu watano, na maji yanayofunika mashamba ya mwani hupwa kwa saa yake yenyewe. Ratiba inayofaa huanzia kwenye geti la kiwanda, ikapitia jikoni, ikaishia uwanja wa ndege. Naandika kwa ajili ya wale wanaofikiria mzunguko kama wetu, yaani Dar es Salaam, Tanga, Pemba, Unguja na kurudi Dar es Salaam, ili wasilipie saa ambazo hawatazitumia.

Mjomba wangu aliwahi kuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na alitaka kuisikia korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ikinguruma tena kabla miguu yake haijamkatalia safari. Shangazi ni mzaliwa wa Wete aliyehamia Dar es Salaam alipoolewa. Binamu yetu alitoka Muscat, ambako amekulia akisikia habari za karafuu kwa wazee bila kuwahi kusimama chini ya mkarafuu. Mimi na mke wangu ndio tuliokuwa na mapenzi ya ndege. Kwa barabara, kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita 350 hivi kupitia Chalinze na Segera, ilhali kwa angani hazizidi 200. Na kutoka Tanga hadi Pemba ni kilomita kama 80 za bahari, ambazo kwa wazee wawili wenye maumivu ya mgongo si jambo la kuwabebesha kwenye chombo kinachoyumba. Hoja hiyo ya wazee ndiyo iliyohalalisha gharama. Kwa vijana wawili wenye afya, ningewashauri wapande ndege ndogo za ratiba zinazounganisha miji hiyo, kwa kuwa mtu hulipia kiti kimoja tu na si ndege nzima.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Fedha ya ndege peke yake ilikula zaidi ya theluthi mbili za matumizi yote, na mchango wa kila mmoja wetu ungetosha kununua tiketi ya kwenda Dubai na kurudi. Makadirio ya kwanza tuliyoletewa yalikuwa ya chini mno, na nilipoomba mchanganuo nikaona yamehesabu tu muda ambao sisi tungekuwa ndani ya ndege. Hayakuhesabu ndege kurudi tupu Dar es Salaam baada ya kutushusha Tanga, wala kuja kutuchukua tena. Mteja huilipia ndege tupu sawasawa na ndege yenye watu. Njia ya pili ni kuiacha ndege ilale pale mnapolala, nanyi mkalipia maegesho, malazi na chakula cha rubani, pamoja na ada ya kuifanya isubiri bila kazi. Kwa kuwa vipande vyetu vilikuwa vifupi na karibu kila siku tulikuwa na pa kwenda, kulala na ndege kulitoka nafuu zaidi. Anayekusudia kukaa mahali pamoja juma zima atapata jibu tofauti, hivyo aombe bei zote mbili kwa maandishi.

Juu ya hapo kuna ada za kutua, za maegesho, za huduma kwa abiria, na kodi ya ongezeko la thamani. Viwanja vya bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, na vya visiwani viko chini ya mamlaka ya Zanzibar, kwa hiyo viwango na risiti si vya mahali pamoja. Tuliomba ankara inayotaja kila ada kwa jina lake, na ile kampuni iliyokubali kuitoa bila kuzungushana ndiyo tuliyoichagua, ingawa jumla yake haikuwa ya chini kabisa.

Katikati ya pilikapilika hizo alijitokeza rafiki wa rafiki, mwenye ndege yake binafsi, akasema tumchangie mafuta tu. Bei yake ilikuwa karibu nusu. Tulikataa, na sababu zenyewe ni za kueleweka. Anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya biashara hiyo na cheti cha mwendeshaji wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na bima ya ndege ya matumizi binafsi haina sababu ya kumlipa abiria aliyetoa nauli kwa mlango wa nyuma. Kuomba kuonyeshwa vyeti hivyo si utovu wa adabu. Kampuni yenye kazi zake safi hukutumia nakala siku hiyo hiyo.

Suala la uzito lilitusumbua kuliko fedha. Ndege tuliyoikodi ni Cessna 206, yenye injini moja ya pistoni na viti vya abiria watano pamoja na cha rubani. Kuwapo kwa viti vitano hakumaanishi kwamba ndege itanyanyua watu wazima watano, mabegi yao na mafuta ya safari nzima. Ndege za aina hii hutumia avgas, mafuta ambayo hayapatikani kila kiwanja, kwa hiyo rubani mara nyingi hulazimika kuondoka na mafuta ya vipande kadhaa kwa pamoja. Lita 100 za avgas zina uzito wa kilo 72 hivi, yaani mtu mzima mmoja ambaye haonekani. Ndege kubwa kidogo ya aina ya Cessna 208 Caravan hutumia mafuta ya jeti, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi, na hubeba zaidi ya abiria kumi. Lakini kuikodi kwa watu watano ni kulipia viti vitupu. Ndege ndogo za ratiba kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mzigo kwa mtu, kwenye begi laini. Sisi tulipewa kilo nane, na masanduku magumu yakapigwa marufuku kabisa kwa kuwa hayakunjiki nyuma ya viti.

Siku ya kuondoka, kwenye jengo la kwanza la uwanja wa Julius Nyerere ambako ndege ndogo huondokea, mizani ililetwa na kila mtu akaombwa apande. Shangazi alikaza baibui lake akasema, "Mwanangu, mimi si gunia la karafuu nipimwe mbele za watu." Rubani alimwamkia kwa heshima, akapanda yeye mwanzo, akasoma kilo zake kwa sauti, kisha akaigeuza mizani ili namba ionekane na yeye peke yake. Shangazi akapanda. Baadaye nilimwona Kapteni akiandika namba zote kwenye karatasi yenye mchoro wa ndege na kutupangia viti kwa hesabu hiyo, mjomba mbele, binamu nyuma kabisa pamoja na mabegi. Mwenye wazee wa haya awaambie mapema, tena nyumbani, kwamba watapimwa, na asithubutu kuwataja kwa kilo za kukisia kwenye fomu ili kuwafurahisha, kwa maana hizo kilo za kukisia ndizo rubani anazozitumia kuamua kama ndege itanyanyuka.

Jambo jingine dogo lililokaribia kuleta mkanganyiko ni saa. Rubani na watu wa viwanja huandika kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ofisi ya kampuni huandika kwa saa za tarakimu 24. Nasi nyumbani, pamoja na madereva na mama lishe wote, tunasema saa za Kiswahili. Kuondoka kulikoandikwa 0500 kwenye karatasi ya rubani ni 08:00 kwenye barua pepe ya ofisi na ni saa mbili asubuhi kwa dereva wa Chake Chake. Mke wangu alitengeneza jedwali lenye safu tatu akalituma kwa kila aliyehusika, na hakuna aliyekosea. Alipolipendekeza nililiona ni la kupoteza muda.

Majira tuliyachagua kwa kuondoa yasiyofaa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu huwa chini na mvua hufunga njia kwa rubani anayeruka kwa kutazama nje. Kusi ya Juni na Julai huvuma kwa nguvu. Ramadhani tuliikwepa kwa sababu safari ya kula haifai mchana ambapo migahawa ya visiwani imefungwa na wenyeji wamefunga. Tukabaki na mwisho wa Septemba, wakati uchumaji wa karafuu unapokuwa umeanza na kusi imepungua makali. Ndani ya juma lenyewe tulitazama mwezi, kwa kuwa wakulima wa mwani huingia shambani siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana. Anayekwenda siku za maji mafu ataangalia bahari tu. Tulitazama pia Ijumaa. Kisiwani Pemba kazi hupungua kabla ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo kiwanda kiliwekwa Alhamisi.

Barua za maombi kwa viwanda tuliziandika mapema, kwa meneja na si kwa "yeyote anayehusika", tukitaja majina, namba za vitambulisho, sababu ya kutembelea, na kwamba miongoni mwetu kuna wazee wawili. Kiwanda kimoja cha vyakula kilitukatalia kwa sababu za usafi, na kilikuwa na haki. Shamba la kwanza la mkonge lilikubali kwa moyo mkunjufu, ila jioni ya kuamkia safari nilipopiga simu ya kuhakikisha, mtu wa zamu akaniambia kwa utulivu kwamba korona imekatika mnyororo na fundi yuko njiani. Hakuna aliyefikiri kutuarifu, na si lazima wafikiri, kwa maana mgeni si sehemu ya uzalishaji. Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa na barua ya pili iliyokubaliwa na shamba jingine. Anayepanga safari hii asiondoke na kibali kimoja, na simu ya jioni asiidharau.

Safari ya kwenda Tanga huchukua saa moja kasoro kwa ndege ya aina yetu, kandokando ya pwani, na kwa kuwa haipandi juu sana mtu huona Bagamoyo, mashamba ya chumvi ya Saadani na mdomo wa mto Pangani. Hewa ya asubuhi hutulia. Kuanzia saa sita joto la nchi kavu huanza kuitikisa ndege ndogo. Ndege hizi hazina choo. Chai ya asubuhi tuliiahirisha kwa amri ya mke wangu, na tulipotua Tanga ndipo tulipokaa kwenye mgahawa wa jirani na soko tukala mbaazi za nazi kwa mahamri yaliyokuwa bado yanatoa mvuke wa iliki. Utaratibu huo wa kuruka kwanza na kula baadaye tuliushika safari nzima, hasa kwa vyakula kama mbaazi na maharage, ambavyo tumboni huleta hewa, na hewa hiyo hutanuka kadiri ndege inavyopanda. Sitaendelea.

Kwenye shamba la mkonge tulifika mapema, kwa kuwa wakataji huingia shambani alfajiri kabla jua halijakolea na majani huletwa kiwandani mabichi. Waliovaa nguo ndefu hawakuruhusiwa kusogea. Shangazi na mke wangu waliwekewa benchi pembeni, mahali pa kuona bila baibui na khanga kukaribia mnyororo. Viatu vya wazi navyo vilikataliwa, na mimi niliyevaa makubadhi nikaazimwa mabuti. Korona ni mashine ndefu yenye mnyororo unaoyabana majani na kuyapitisha kwenye magurudumu makubwa yenye vyuma vya kukwangua, huku maji yakimwagwa bila kukoma. Upande mmoja linaingia jani la kijani lenye ncha kama sindano, upande wa pili inatoka singa nyeupe inayochuruzika maji, na chini unaporomoka ute wa kijani wenye harufu kali ambao ukigusa ngozi utajikuna hadi jioni. Nyuzi ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni taka, na ndiyo maana huko Hale kilijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya taka za mkonge, uliozinduliwa mwaka 2008.

Mjomba hakuyasikiliza maelezo ya mwenyeji wetu, alikuwa anamrekebisha. Alisimama kwenye chumba cha madaraja, akachukua shungi la singa zilizokwisha kupigwa brashi, akalinyoosha kwa mikono miwili, akalipeleka mwangani, akasema, "Hii ni 3L, mpwa wangu, si daraja la kwanza, tazama madoa." Kijana wa zamu alitabasamu na kusema ndiyo, ni 3L. Kisha wakaingia kwenye mazungumzo yao ya robota za kilo 250, ya mizani iliyokuwa ikidanganya, na ya bei iliyoporomoka baada ya kamba za plastiki kuingia sokoni. Mkonge wote wa nchi hii unasimuliwa kuwa ulianzia kwenye miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, kati ya 1,000 ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Na mashamba mengi makubwa yalitaifishwa mwaka 1967. Nilikuwa nimetenga saa moja na nusu kwa kiwanda hicho. Tulikaa hadi adhuhuri, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwamba tulikuwa tumelipia ndege ilale Tanga badala ya kutuondoa mchana ule. Mahali ambapo mzee ana historia napo pasipangiwe saa.

Mjomba alinunua kamba. Alinunua nyingi, pamoja na mazulia mawili ya mkonge, na Kapteni alipoziona alitikisa kichwa kabla hata hajaleta mizani. Zilipelekwa Dar es Salaam kwa basi.

Kutoka Tanga kwenda Pemba ni nusu saa ya kuruka juu ya maji yenye kina kirefu, kwa injini moja, na hilo lazima lisemwe bila kuficha kwa anayeogopa. Kila mmoja alivishwa jaketi okozi kiunoni, na Kapteni alirudia mara mbili kwamba lisijazwe upepo mtu akiwa bado ndani, kwa sababu litamkwamisha mlangoni. Shangazi alisoma dua njia nzima, na alipoziona minazi na mikarafuu ya Pemba ikijitokeza alinyamaza. Uwanjani hapakuwa na teksi yoyote, kwa kuwa ndege ya kukodi haina muda ambao madereva wanaujua. Gari tulikuwa tumeliagiza siku nyingi kabla kwa mtu wa Chake Chake, tukampa na namba ya ndege, naye alikuwapo. Binamu, kwa kuwa anatumia pasipoti ya Oman, alitakiwa aonyeshe bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44. Tuliilipia mtandaoni kabla ya safari, na nashauri nakala iliyochapishwa, kwa sababu mtandao wa simu uwanjani si wa kutegemea.

Kiwanda cha Makonyo kiko Wawi, si mbali na mji wa Chake Chake, na harufu yake hukupokea kabla ya geti. Makonyo ni vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kunyambuliwa, ambavyo kwa macho ya mpita njia ni takataka. Hupakiwa kwenye matangi makubwa, mvuke ukapitishwa kati yake kwa saa nyingi, mvuke huo ukabeba mafuta, ukapozwa, na yakatoka maji na mafuta kwa pamoja. Hapo binamu aliuliza swali zuri: mbona mafuta yanachukuliwa chini ya chombo na si juu? Mwenyeji wetu akachota kwenye glasi. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, hivyo huzama, yakatulia chini rangi ya kahawia, na maji yakabaki juu. Ya mchaichai, ambayo kiwanda pia huyatengeneza, huelea kama mafuta mengine. Binamu aliishika ile glasi muda mrefu. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na sehemu ya sababu yake ni tufani la mwaka 1872 lililong'oa mikarafuu ya Unguja, na hilo alilijua kwa masimulizi ya babu yake. Kilichokuwa kipya kwake ni kwamba hata kijiti hakitupwi.

Anayetaka kununua karafuu Pemba anunue zilizofungashwa dukani na atunze risiti. Mnunuzi wa karafuu za wakulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kubeba karafuu nyingi bila karatasi kunahesabiwa magendo, hata kama umepewa na ndugu. Shangazi alipewa kifuko na jamaa zake wa Wete, na ilibidi abaki na kiasi cha kutia kwenye pilau tu, jambo lililoleta mjadala mrefu wa kifamilia ambao sikuingilia. Chupa za mafuta zifungwe kwa mkanda wa plastiki na kutiwa kwenye mfuko wa pili, kwa kuwa tone moja likivuja ndani ya ndege ya watu sita hakuna pa kukimbilia.

Chakula cha Pemba hakingojei mteja wa ghafla. Migahawa ni michache, na anayefika saa nane na watu watano atapewa kilichobaki. Siku moja kabla tulimwagiza mama mmoja, kwa kumpa kianzio cha kununulia vitu, naye akatupikia pweza wa nazi, wali, na mkate wa mofa uliobandikwa kwenye tanuri la udongo mbele ya macho yetu. Mkate ule huliwa ukiwa wa moto. Ukipoa hukaza na kumpa meno kazi. Kwa hesabu ya safari nzima, mlo huo ulikuwa wa bei ndogo kuliko maegesho ya ndege ya usiku mmoja.

Unguja nitaipita haraka, kwa sababu viwanda vya huko vimezoea wageni na mipango yake haisumbui. Tulitua asubuhi tukaenda moja kwa moja upande wa Paje, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ili tuyakute maji yamekupwa saa nne. Wanawake walikuwa wameinama kwenye kamba zilizofungwa vigingini, wakivuna mwani ulioanza kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989, na mmoja wao alitueleza bila kuulizwa kwamba cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa maji yanapopata joto, ndiyo maana wengi wamebaki na aina nyingine, spinosum. Karakana ya sabuni ya mwani tuliiona baada ya maji kujaa. Mjini tulisimama kwenye jiko la halua, ambapo vijana wawili walipokezana mwiko mrefu juu ya sufuria ya sukari, wanga, samli na iliki. Urojo tulikula mtaani upande wa Darajani na si Forodhani. Ukwaju na embe mbichi vilikolea, badia zilikuwa za kunde kweli, na bei haikuandikwa kwa dola.

Kapteni alikuwa ametuonya kwamba tukichelewa kuondoka Unguja alasiri ile, hatutaruka, kwa kuwa hakutaka kufika Dar es Salaam jua likiwa linazama na foleni ya ndege kubwa ikiwa mbele yake. Ruko lenyewe ni dakika ishirini na kitu. Bidhaa zinazotoka Zanzibar hukaguliwa na watu wa forodha zinapoingia bara, kwa hiyo halua, sabuni na chupa za mafuta tulizibeba kwenye mfuko mmoja pamoja na risiti zake zote, na ukaguzi ukamalizika upesi. Ankara ya mwisho ilikuja baada ya juma ikiwa na nyongeza ya maegesho ya Tanga na punguzo la mafuta ambayo hayakutumika, na tofauti ikarudishwa kwenye akaunti. Kamba na mazulia ya mjomba yalikuwa yametangulia kwenye stendi ya Magufuli kule Mbezi, tukatozwa ada ya kuhifadhiwa kwa sababu jina la mpokeaji halikuandikwa kwenye mzigo, basi anayetuma kwa basi aandike jina na namba ya simu ya mtu ambaye hayuko safarini.